Kodi ya Tovuti, Mwaka wa Korosho za Chumbani

Nyie vijana mtakaosoma haya, msianze kucheka kabla sijamaliza. Leo mtu anafungua ukurasa wa biashara yake kwenye simu huku anakaanga mihogo, halipi hata senti, na jioni ana wateja. Kwetu haikuwa hivyo. Ukurasa wetu tuliutafutia mahali pa kukaa kama mtu anavyomtafutia mgonjwa kitanda, tena mgonjwa aliyezidiwa. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoelewa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Kiwanda cha korosho kimefungwa, wanunuzi wa kila aina wamejaa, na mtu wa kangomba anazunguka mtaani na bakuli lake. Huyu anakuja ukiwa na shida, anapima korosho zako kwa bakuli, bei anapanga yeye, anaondoka. Sisi wanawake wachache wa mtaa mmoja hapa Newala, Waislamu kwa Wakristo, tukasema mwaka huu hatuuzi kwa bakuli. Tutabangua wenyewe, tutauza korosho nyeupe.

Tukabangua. Tulijipaka majivu mikononi, lakini mafuta ya ganda hayana huruma, yalitubabua vidole mpaka nikawa nashindwa kushika ugali wa moto. Korosho zilizobanguliwa tulizifunga kwenye mifuko, mifuko tukaiweka kwenye madebe, na madebe yakaja chumbani kwangu kwa sababu ndicho chenye sakafu ya saruji. Paa langu lakini lilikuwa linavuja. Mvua zikianza, unyevu ungeingia, na korosho ikishaota ukungu hata kuku haitaki. Kila jambo letu la mwaka ule lilikuwa ndani ya madebe yale. Hatukubakiza kitu pembeni.

Mnunuzi alikuwa mmoja tu, mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja Chidya kumtembelea rafiki yake. Akapita na kwetu, akaonja korosho zetu, akasema atazichukua zote, ila bosi wake kule kwao hanunui kwa watu asiowaona. "Wekeni tovuti," akasema, "aone kazi yenu na mahali mlipo. Mvua zisiwakute." Akaenda zake.

Binti yangu wa mwisho alikuwa amesoma kompyuta Masasi. Akakaa siku kadhaa huko, akarudi na kidiski mkononi.

"Mama, tovuti ipo tayari. Imo humu."

"Basi mzungu aione."

"Hawezi kuiona, Mama. Haina pa kukaa. Inatakiwa tuipangie chumba kwenye kompyuta kubwa isiyozimwa, ndipo watu waifikie. Na chumba kina kodi."

"Kodi gani tena? Si umeshaitengeneza?"

"Ukishona nguo, Mama, na duka la kuitundikia unalipia."

Hapo nikaelewa. Tukapanda gari la mizigo, tukateremka Masasi kwa mtu mwenye duka la intaneti, Myao, mtani wetu. Alipotuona mlangoni akaanza.

"Shikamoo bibi. Hata Wamakonde leo wamekuja mjini? Mnakaa huko juu, mkinyoosha mkono mnagusa wingu, na bado hamna maji!"

"Marahaba. Na wewe Myao, babu yako alitembea mpaka Nyasa kuuza chumvi, akarudi hana chumvi wala hela. Tupe kiti."

Akacheka, akatupa kiti. Tukamweleza. Akasema zipo sehemu za bure kabisa, unaweka tovuti yako na hulipi. Mimi neno bure nilikuwa sijalisikia siku nyingi. Nikamwambia binti aweke hapo hapo. Akaweka. Tukarudi Newala tumetulia.

Utulivu haukukaa. Binti alipokwenda tena Masasi kuangalia barua za mgeni, akarudi na karatasi imekunjwa, hataki kuikunjua mbele za watu. Nikamnyang'anya. Ilikuwa picha ya ukurasa wetu. Chini tupo sisi na madebe yetu, tumejifunga khanga vizuri. Juu yetu, kubwa kuliko sisi wote, yupo mwanamke wa Kizungu kavaa chupi, na maandishi kwamba anatafuta mume.

Wenzangu wakaja kutazama.

"Huyu naye ni mwanachama wetu?"

"Huyu akae mbali na jiko. Kwa nguo hizo mafuta ya ganda yatambabua pabaya."

"Kumbe mume wangu ndiyo maana kaniuliza njia ya Masasi!"

Walicheka. Hata mke wa mwalimu wa madrasa alicheka, kisha akajifunika uso kwa khanga, akaanza kulia. Mumewe alikuwa ameshaambiwa. Binti akatueleza kwamba wale wa bure hawalipwi na sisi, wanalipwa na wenye matangazo, na tangazo wanabandika wanalotaka. Kisha akatusomea barua ya mgeni. Bosi alifungua, akaona yule mwanamke, akafunga. Ameuliza kama sisi tunauza korosho au tunauza nini. Mgeni alisema atamwomba aangalie tena mara moja. Mara moja tu.

Nikatoka nje kutazama mbingu. Upande wa Ruvuma wingu lilikuwa limeanza kukusanyika. Hapa kwetu mwisho wa kiangazi mtu anaomba mvua hata usingizini, kwa sababu maji ya kisima yanakwisha na ya bondeni yanapandishwa kichwani kwenye ule mwinuko. Mimi niliomba isinyeshe. Nilisimama nyumbani kwangu mwenyewe, nikamwomba Mungu azuie mvua, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Tukarudi kwa mtani. Safari hii hakutania. Akasema ng'ambo kuna pango rahisi sana, ila linalipiwa kwa kadi ya benki, na kadi hiyo hakuna aliyekuwa nayo, si Newala si Masasi. Akasema pia anaweza kutukalisha kwenye mashine yake mwenyewe, pale chini ya meza, kwa bei ya ujirani.

"Umeme ukikatika?" nikamuuliza.

"Ukikatika na tovuti yenu inalala, bibi."

"Na mzungu akipiga hodi imelala?"

Akakuna kichwa. "Ataona hakuna kitu. Kama nyumba iliyohamwa."

Masasi ya wakati ule umeme ulikatika kuliko ulivyowaka. Basi ikabaki kampuni moja ya Dar es Salaam. Mashine zao hazilali, tangazo la mtu hawabandiki, na wao ndio wa bei nafuu kati ya wale waliokubali kulipwa kwa hela mkononi kupitia kwa mtani. Ila walitaka kodi ya mwaka mzima mbele, kama mwenye nyumba mwenye roho ngumu.

Hatukuwa nayo. Hela zetu zote zilikuwa zimeingia kwenye korosho. Mmoja akasema tumuuzie mtu wa kangomba debe moja tupate kodi. Tukamwita. Akaja na bakuli, akatutazama nyuso, akajua.

"Mama zangu, debe moja sichukui. Nachukua yote au naondoka. Mvua hiyo inakuja, mimi sina haraka."

"Ondoka," nikamwambia.

"Nitapita tena kesho, bibi."

Akapita kesho. Akapita na keshokutwa, akisalimia kwa adabu, bakuli chini ya kwapa.

Sasa kulikuwa na mtu anajenga nyumba ya wageni karibu na soko. Lori lake la maji lilikuwa limeharibika, mafundi wamekaa juu ya mifuko ya saruji hawana la kufanya. Nikaenda nikamwambia nina kisima cha maji ya mvua, alete mapipa. Hakuamini. Mtu wa Newala hauzi maji ya kisima chake kabla mvua haijanyesha, labda awe amerukwa na akili. Aliniuliza mara mbili kama wanangu wanajua. Nikamwambia alete mapipa.

Walichota tangu asubuhi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, alisimama mlangoni na mtoto mchanga begani, nepi za kufua zimo kwenye beseni, akitazama ndoo zinavyotoka. Mwanangu akasema: "Mama, maji? Mwezi huu? Kwa ajili ya kitu ambacho hata kukishika hatuwezi?" Hata mimi sikuwa nimewahi kukishika.

Binti akaondoka na hela siku ile ile. Tovuti ikapangiwa chumba Dar, safi, sisi peke yetu juu na chini. Mgeni akaandikiwa. Majibu yalikuja baadaye na gari la kuchukua korosho likaja nyuma yake, lakini siku zile hatukujua hilo. Tulichojua ni kwamba kisimani limebaki tope na maji ya kufika kifundo cha mguu, wingu limesogea mpaka juu ya mikorosho, na mtu wa kangomba yupo uani anauliza hali.

Nikawaita wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, yeye akisikia. Nikasema: maji yaliyobaki ni ya kunywa na ya mtoto. Hakuna kuoga kwa kisima hiki, anayetaka kuoga ashuke bondeni. Leo hii mtapanda juu mfunike paa la chumba changu kwa kila turubai na kila jamvi lililomo humu ndani, hata mnalolalia. Na debe moja likitoka chumbani mle kwenda kwenye bakuli la mtu, aliyelitoa asirudi nyumbani kwangu.