Vifungo vya Mbao

Mama Vifungo hakuwa na moyo wa kutupa kitu. Uzi wenye urefu wa kidole aliuviringisha akauweka. Zipu ya suruali iliyochoka aliing'oa akaitafutia suruali nyingine. Jina lenyewe alilipata kwa sababu ya kopo lake la maziwa ya unga, lililojaa vifungo hadi mdomoni, ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Wenzake walimtania kwamba siku akifa ataanza kwa kung'oa vifungo vya sanda. "Sanda haina vifungo," aliwajibu, "ndiyo maana sina haraka nayo."

Kazi yake ilikuwa nyuma ya duka, kwenye chumba chenye cherehani, pasi, meza ndefu, na pazia badala ya mlango. Duka liliuza nguo na vyombo ambavyo watu walivitoa bure, na faida yote ilikwenda kwenye nyumba moja mtaa wa pili, nyumba isiyo na kibao, walimokaa wanawake waliokimbia vipigo vya waume zao. Wanawake hao walipitia mlango wa nyuma wakachagua nguo bila kulipa, kwa sababu wengi waliondoka kwao na nguo ya mwilini tu. Ile waliyokuja nayo waliiacha kwa Mama Vifungo.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiko wa duka. Nguo ya mwanamke wa ile nyumba haitundikwi kama ilivyo. Mwanamume anaweza kusahau mtoto wake anasoma darasa la ngapi, lakini gauni alilolinunua kwa pesa yake atalitambua hata akiwa ng'ambo ya barabara. Basi Mama Vifungo alizichana nguo hizo zote, akazigeuza foronya, mifuko na vitambaa vya jikoni.

Mwiko huo aliuweka mwenyewe, na sababu alikuwa nayo. Zamani, alipokuwa mke wa mtu, alikimbilia kwa kaka yake. Mumewe akamfuata na mfuko wa sukari na maneno matamu, akaomba radhi hadi kaka mtu akalengwalengwa na machozi, akamrudisha dada yake kwa mkono wake mwenyewe. Sikio la kushoto la Mama Vifungo halijasikia kitu tangu wiki ile.

Kwa hiyo nguo alizichana bila huruma. Vifungo aliviweka koponi. Nani atatambua kifungo?

Vile vya mbao vilikuja na gauni la kijani la mwanamke mmoja mkimya, aliyefika kwenye ile nyumba mkono wake ukiwa umefungwa bandeji. Vilikuwa vitano, vyeusi, laini, na kila kimoja kimechongwa jani dogo. Gauni likawa foronya. Vifungo akavishona kwenye koti la mtoto, na koti likapendeza mno. Muuzaji wa mbele, ambaye wateja walimwita Dada Risiti kwa jinsi alivyokuwa king'ang'anizi wa stakabadhi, alilitundika dirishani siku hiyo hiyo.

Asubuhi moja yule mwanamke mkimya alikuwa nyuma ya pazia akisaidia kupiga pasi, na Mama Vifungo yuko mbele anapanga viatu, akaingia mwanamume mwenye shati safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Viatu vya kiume viko huku."

"Asante, nataka kuuliza tu. Lile koti la dirishani, vile vifungo mmevitoa wapi?"

"Vifungo?"

"Nimevichonga mimi. Mimi ni fundi seremala. Nilimchongea mke wangu wakati wa uchumba wetu." Sauti yake ilikuwa ya upole, na macho yalikuwa mekundu. "Ameondoka nyumbani, mama. Sijui aliko. Silali, sili."

Dada Risiti, ambaye machozi yake yako karibu siku zote, akashika kifua. "Jamani, maskini! Labda wale wa..."

"Dada Risiti, hebu nishushie hilo koti," Mama Vifungo akamkata kauli.

Alijua kabisa kwamba aliyemleta mtu huyu ni yeye, yeye na kopo lake. Hapo hapo ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua.

"Kuna kitu kinaungua huko," seremala akasema, akapiga hatua kuelekea pazia.

"Pasi yangu hiyo! Uzee huu! Baki hapo hapo, mwanangu, huko ndani kuna watu wanajaribu sidiria."

Mwanamume akasimama, akaona haya, akageukia viatu. Mama Vifungo akapenya pazia. Mwanamke alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, kiganja kimeziba mdomo, na pasi imelala juu ya shati. Mama Vifungo akaiinua pasi, akachukua mkasi, akatoka.

Mbele, akavikata vifungo kimoja kimoja, akamtilia seremala kiganjani.

"Vyako, chukua. Gauni liliokotwa kwenye benchi la stendi ya mabasi. Mfagizi wa pale ndiye aliyetuletea."

"Mabasi ya kwenda wapi?"

"Mimi mshonaji, mwanangu. Mambo ya mabasi kawaulize wenye mabasi."

Seremala akavipitisha vifungo chini ya kidole gumba. "Vilikuwa sita."

"Nilipokea vitano."

"Nilichonga sita." Akamkazia macho. Kisha akafumba kiganja, akashukuru vizuri, akatoka na kushika njia ya stendi.

"Mama, umemdanganya yule kaka wa watu!" Dada Risiti akasema.

"Nimemdanganya. Funga mlango."

Dada Risiti akatazama pazia, akaelewa, akafunga.

Mlezi wa ile nyumba alipigiwa simu, akasema analeta gari mlango wa nyuma. Mwanamke atahamishiwa mji mwingine leo leo. Wakati wakilisubiri, Mama Vifungo aliinama kwa shida, akaketi chini ya meza ubavuni pake.

"Nisamehe, mwanangu. Ningevitupa, haya yote yasingetokea."

"Vilikuwa vizuri," mwanamke akasema. "Hata mimi nisingevitupa." Akatega sikio mlangoni. "Nimemsikia anakitafuta cha sita."

"Anakitafuta, ndiyo. Ameenda nacho stendi kichwani."

"Kiko nyumbani kwake. Kilikatika aliponikaba, kikabingirika chini ya kabati. Nilikiona vizuri tu, kwa sababu nilikuwa nimelala sakafuni."