Sentensi za Bwawa la Cragden

Hilary Ormerod alikuwa na tabia ya kusoma gazeti akiwa amekunja uso, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yamechacha. Kazi yake chuo kikuu ilikuwa kufundisha jinsi Kiingereza kinavyotumika magazetini na katika makala za wasomi: nani anatajwa kwenye sentensi, nani amefichwa, na kwa nini. Mtu akimwuliza, kule baa, anafanya kazi gani, alisema anafundisha lugha, akaagiza bia yake ndogo, na mazungumzo yakahamia kwenye mpira.

Mimi nilikuwa mkutubi wa chuo hicho hicho. Kila asubuhi tulipanda treni moja kutoka Thornshaw, na jioni tulirudi pamoja. Nyumba yangu ilikuwa juu, karibu na stesheni. Yeye na baba yake, mzee Arnold, walikaa Mtaa wa Tenter, chini kabisa kando ya mto, katika safu ya nyumba za mawe ambazo zamani zilikuwa za wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Ukisimama mlangoni kwao ukatazama juu ya bonde, uliona ukuta wa Bwawa la Cragden, wa kijani kwa nyasi, na kondoo wakila juu yake.

Mzee Arnold alikuwa mfumaji mstaafu, mjane, na mchokozi.

"Yaani umesoma miaka yote ile," alimwambia binti yake mbele yangu, mdomo umejaa pai ya nyama, "uje kuhesabu watu wamesema 'huenda' mara ngapi?"

"Ndiyo, Baba. Na wananilipa."

"Mungu ailinde nchi hii."

Vuli moja Hilary aliwapa wanafunzi wake zoezi. Alitaka jambo moja lililoandikwa na kalamu mbili, ya msomi na ya mwandishi wa habari. Akachagua bwawa letu. Mhandisi aliyelikagua, Daktari Rowland Peake, alikuwa akiliandikia makala katika jarida la wahandisi kwa miaka mingi, na kila makala ikitoka, gazeti la bonde letu lilitoa habari yake. Hakuna kilichokuwa cha siri. Vyote vilikuwa kwenye rafu za maktaba yangu, na mimi ndiye niliyewatolea.

Siku ya kuwasilisha, msichana mmoja aliyekaa nyuma aliinua mkono. "Mwalimu, huyu bwana zamani alikuwa anasema 'tulipima'. Mbona siku hizi hasemi tena?"

Hilary aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimfanya azisome makala zote upya. Jioni, kwenye treni, alinitandikia nakala za makala kwenye mapaja akanionyesha kwa kidole. Makala ya kwanza ilisema: Tuliupima ukuta, na ni imara. Iliyofuata: Ukuta unaonekana kuwa imara. Kisha: Ukuta unaweza kuchukuliwa kuwa imara katika hali za kawaida. Na ile iliyotoka kiangazi hicho ikasema: Hakuna ushahidi wa kutosha uliobainishwa kuonyesha kwamba ukuta si imara.

"Si ndivyo wasomi wanavyoandika?" nikamwambia. "Wanaogopa kushikwa neno."

"Nimefikiria hivyo hivyo. Nikatafuta alichoandika juu ya mabwawa mengine, mwaka huu huu. Huko bado anasema 'tulipima'. Bado anasema 'ni imara'. Ni Cragden tu ndiko anakojiondoa. Anatoka kwenye sentensi zake mwenyewe polepole, kama mtu anayetoka chumba chenye harufu ya gesi na hataki kuwashtua wenzake."

Nje mvua ilikuwa imeanza kupiga kioo. Akanionyesha na gazeti. Hilo lilikuwa limekwenda upande wa pili. Kadiri mhandisi alivyozidi kusitasita, ndivyo vichwa vya habari vilivyozidi kujiamini. Wataalamu Waridhishwa na Bwawa. Bwawa Letu Salama Kabisa. Na cha mwisho: Hofu ya Bwawa Haina Msingi.

"Hofu ya nani?" Hilary akauliza. "Wewe umewahi kumsikia mtu Thornshaw akiogopa lile bwawa? Watu wanakwenda kutembeza mbwa kule. Gazeti linakanusha kitu ambacho hakuna aliyekisema. Basi yupo aliyekisema, ila si mbele yetu."

Tuliposhuka, wote wawili tulitazama juu ya bonde, ingawa ukungu ulikuwa umeficha kila kitu.

Mhariri wa gazeti, Neville Haslam, alisoma na Hilary shule ya msingi. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya bucha. Hilary alimweleza yote, naye akamsikiliza huku akizungusha kiti.

"Kwa hiyo sasa umekuwa fundi wa mabwawa," akasema.

"Sijui lolote la mabwawa, Neville. Nakuuliza neno 'hofu' ulilitoa wapi."

"Lilikuja kwenye taarifa ya kampuni ya maji. Sisi tuko watatu hapa, mama wee. Wakituletea habari imeshaandikwa, tunaichapa."

"Ilivyo?"

"Tunaikata mkia ienee." Akacheka, kisha akaona Hilary hacheki. "Sikiliza, Hilary. Mama yangu anakaa mtaa wenu, hatua chache tu kutoka kwenu. Unadhani ningemwacha pale kama kuna jambo?"

"Nadhani usingemwacha. Nadhani unaamini gazeti lako."

Kwa hilo Neville alikasirika, akamfungulia mlango.

Ndipo Hilary akafunga safari kwenda kumwona Peake mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, ofisi yake imejaa ramani, na alimkaribisha kwa chai na biskuti. Alipoona makala zake zimepigiwa mistari, sentensi kwa sentensi, akatabasamu kama mtu aliyeonyeshwa picha zake za ujana.

"Umenisoma kuliko wenzangu wanavyonisoma," akasema. "Lakini Bi Ormerod, hii ni tahadhari ya kitaalamu tu. Sayansi haipendi kauli nzito."

"Naelewa. Basi niambie kwa mdomo, hakuna anayeandika. Sema, 'Bwawa la Cragden ni salama.' Ukilisema nitaomba radhi nirudi nyumbani."

Peake alishika kijiko akaanza kukoroga chai. "Hilo si swali la kisayansi."

"Ni sentensi tu."

"Kuna hali nyingi za kuzingatiwa. Kuna mapendekezo yaliyowasilishwa kwa wahusika. Ile njia ya saruji inayoteremsha maji ya ziada, kwa mfano, ilipendekezwa iangaliwe."

"Ilipendekezwa na nani?"

Peake akaendelea kukoroga. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wewe unakaa sehemu gani ya Thornshaw?"

"Mtaa wa Tenter."

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. Alimtazama kwa muda, na Hilary aliniambia kwamba sura ile hakuipenda hata kidogo, kwa sababu ilikuwa sura ya huruma.

"Una ndugu mahali pengine?" Peake akauliza. "Mahali pa juu kidogo?"

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamsaidia kuvaa koti, akamtakia safari njema.

Tangu siku hiyo Hilary hakulala vizuri. Aliandikia kampuni ya maji, wakamjibu kwamba maoni yake yamepokelewa. Aliandikia halmashauri, wakamjibu kwamba suala hilo linafuatiliwa. Alinisomea majibu hayo kwenye treni, na hakukuwa na mtu ndani ya sentensi hata moja.

Majuma machache kabla ya Krismasi aliomba kusema kwenye mkutano wa wakazi, ukumbi wa kanisa. Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia, wamelowa, makoti yakitoa mvuke. Alieleza polepole, bila maneno makubwa. Alipomaliza, mwanamume mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi akasimama.

"Samahani, mwalimu, nataka nielewe. Ukuta umepasuka?"

"Sijui."

"Unavuja?"

"Sijui."

"Ila sarufi yake ni mbovu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mzee Arnold, aliyekaa mstari wa mbele na kofia magotini, alicheka pamoja nao. Hilary akasubiri wanyamaze. "Mtu anayelijua bwawa lile kuliko sote hawezi kutamka kwamba ni salama," akasema. "Nilimwomba. Akashindwa." Kicheko kikapungua, lakini chai ikaletwa, na watu wakageukia keki.

Familia moja tu ilihama Mtaa wa Tenter baada ya mkutano ule, wenye watoto wachanga, nao walisema ni kwa sababu ya unyevu. Unyevu huo huo ndio Hilary aliotumia kwa baba yake. Alikodi nyumba ndogo juu, jirani na kwangu, akamwambia mzee kwamba daktari hapendi kifua chake kikae karibu na mto.

"Daktari gani? Mimi sijamwona daktari."

"Mimi nimemwona, Baba."

"Unanidanganya, Hilary. Tangu utotoni ukidanganya unatazama miguu."

Hata hivyo akahama, huku akilalamika kwa kila kilima tulichopanda, amekumbatia redio yake kana kwamba tungeiangusha makusudi. Nyuma yetu mama yake Neville, Bi Edna Haslam, alisimama mlangoni akitupungia mkono. Alikuwa kiziwi karibu kabisa. Hilary alirudi akamshika mikono, akamwambia kwa sauti kubwa ahamie kwa mwanawe. Bi Edna akamjibu kwamba Neville angemwambia kama kuna shida, yeye ndiye mtu wa magazeti.

Mvua ya Februari ile haikuwa ya ajabu. Ilikuwa mvua yetu ya siku zote, ila haikukatika. Mto ukapanda mpaka chini ya daraja, ukawa na rangi ya chai. Kondoo waliondolewa kwenye ukuta wa bwawa, na hakuna aliyesema nani ameagiza waondolewe.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Kulikuwa na mechi uwanja wa juu, na nusu ya mji ilikuwa huko, Neville miongoni mwao, akiandika matokeo chini ya mwavuli. Kwanza tulisikia king'ora cha polisi kikishuka bondeni. Kisha ukaja mngurumo ambao sikuuelewa, kama lori linalomwaga kokoto na halimalizi. Ile njia ya saruji ilikuwa imevunjika, na maji yalikuwa yakila ukuta kutoka pembeni.

Polisi walipata muda wa kugonga milango. Karibu watu wote wa Mtaa wa Tenter walitoka, wengine na soksi, wengine na paka mikononi. Hilary alikuwa amekimbia kushuka kilima mara aliposikia king'ora, nami nikamfuata. Tulikutana na polisi kona ya mtaa, wamekamatana mikono, hawapitishi mtu.

"Kuna bibi kizee nyumba ile!" Hilary alipiga kelele. "Hasikii! Hasikii mlango!"

"Tumegonga, mama. Hakuna mtu."

"Hasikii, nakwambia!"

Yule askari kijana akageuka, akapiga hatua mbili tatu kurudi. Maji yakaja wakati huo, hayakuja kama wimbi, yalikuja kama mtaa wenyewe umeinuka na kutembea, na magari ndani yake. Askari alivutwa na wenzake. Neville alifika akiwa amepoteza kiatu kimoja. Ilibidi watu wanne kumzuia.

Bi Edna alipatikana Jumatatu. Alikuwa mtu pekee aliyekufa, na watu walilisema hilo kama jambo la kushukuru, mpaka walipomwona mwanawe anapita.

Tume ya uchunguzi ilikaa mwaka mzima. Wakili wa kampuni ya maji alimwuliza Hilary kama yeye ni mhandisi. Akasema si mhandisi. Akamwuliza kama aliwahi kufika kwenye ukuta na kifaa chochote cha kupimia. Akasema hapana, alisoma tu. Peake alitoa ushahidi siku iliyofuata, kwa sauti ndogo, macho kwenye karatasi zake. Alipotoka alisimama mbele ya Hilary kama anayetaka kusema kitu, midomo ikafunguka, kisha akaenda zake. Taarifa ya tume ilisema makosa yalifanyika.

Neville hakuchapa taarifa ile ilivyo. Ukurasa wa kwanza aliandika yeye mwenyewe: Niliwaambia bwawa ni salama. Sikujua. Sikuuliza. Baada ya hapo alikuja kwa Hilary. Sijui walisemezana nini mlangoni, nilimwona tu mzee Arnold akitoka kwenda kukaa kwangu bila kualikwa, akaniomba chai na hakunichokoza kwa lolote.

Siku hizi, kabla gazeti halijakwenda mtamboni, Neville hupanda kilima na kurasa zake na kuziweka juu ya meza ya Hilary. Yeye husoma amekunja uso. Wakati mwingine huweka kidole chini ya neno, na Neville hulifuta bila kubisha.

Wiki iliyopita nilikuwepo. Habari ilikuwa fupi, ya ukurasa wa ndani, kuhusu machimbo ya mawe yaliyo juu ya shule katika bonde la pili, ikisema yanaweza kuchukuliwa kuwa imara katika hali za kawaida. Hilary aliisoma, akairudia, akavua miwani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye taarifa yao," Neville akasema. "Kuna nini?"

Hilary alikuwa ameshasimama, anatafuta koti lake.