Aliyeezeka Chuo

Mwaka ule wa hamsini na sita Silvesta alichoka uchovu wa kufanya hata ugali uwe kazi kuutafuna. Tangu masika alikuwa akibeba makarai ya zege kichwani kule Mpanda, wamisionari walikokuwa wakijenga chuo cha walimu. Na si chuo cha kawaida: nyumba ndefu imesimama juu ya nguzo, chini pako wazi, na paa lake lingekuwa bapa, la zege, bila hata jani moja. Watu walitembea kwa miguu kutoka Mwese kuja kuishangaa. Kushangaa ni rahisi. Shingo ilikuwa ya Silvesta.

Nyumbani kwake paa lilikuwa limeoza. Mkewe, Elizabeti, alianza kumkumbusha mara nyasi zilipokauka.

"Baba Klementina, tukate mapema. Moto ukishapita, tutaezeka na nini?"

"Jumamosi," alijibu.

Jumamosi ikawa ndiyo siku ya kumwaga zege la paa la chuo. Zege likianza kumwagwa haliachwi katikati, litakuja kupasuka, kwa hiyo msimamizi Severini hakumruhusu mtu kuondoka. Silvesta, akiwa juu na karai lake, aliona moshi ng'ambo ya mto. Wawindaji walikuwa wamewasha moto, na nyasi zilizokuwa zikiungua ni zile zile alizozitegemea. Akasimama.

"Songa," alisema mtu wa nyuma yake, naye akasonga. Ilimuuma, lakini hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo.

Elizabeti hakugomba. Alihamishia kigoda chake mbali naye, na afadhali angegomba.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, ikamiminika ndani ya nyumba kana kwamba wako uwanjani. Elizabeti alimfunga Klementina mgongoni, akajitwika mkeka, akatangulia bila kusema anakwenda wapi. Wakaishia chini ya chuo, katikati ya nguzo, pakavu kabisa.

Mlinzi Ubaldo, mgeni katika kazi ile, akawafuata.

"Nyie, hapa hapakaliwi. Mnamjua nani hapa?"

Silvesta akainama kuukunja mkeka. Elizabeti akaukanyaga.

"Huyu ndiye aliyeezeka hapa juu," alisema. "Kwetu hajaezeka."

Ubaldo alitazama juu, akamtazama Silvesta, kisha akaenda zake. Silvesta akaketi. Mkewe, aliyekuwa hajakaa karibu naye tangu siku ya moto, akaketi ubavuni pake.