Ukoko Haupandi Gari

Mama mkwe wangu, Ersilia, hanunui mkate kijijini kwetu. Mwoka mikate aliwahi kumuuzia mkate wa jana akimwambia ni wa leo, basi ikawa ndiyo mwisho. Mwoka mikate yule alishakufa, duka likaenda kwa mwanawe, na mwanawe ni mtu wa adabu zake. Ersilia bado hutembea kandokando ya ziwa hadi kijiji cha pili, mvua inyeshe jua liwake, kisha hurudi na mkate kwapani akipita mbele ya duka lile polepole, wamwone vizuri. Watu humwita mwenye kinyongo. Mimi humwita mwenye kumbukumbu, na nimekaa katika ukoo huu muda wa kutosha kujua tofauti yake.

Maisha yake yote alikuwa mpishi wa chekechea ya masista. Alistaafu yeye, mgongo wake haukustaafu: mpaka leo hupanda msituni na tenga akashuka na kuni na uyoga, na ukimpokea mzigo anakuuliza kama amekufa. Mumewe, Battista, baba wa mume wangu Fermo, alifanya kazi katika kiwanda cha waya kule Lecco mpaka mapafu yakachoka kabla yake. Alikuwa mpole kupita kiasi. Hapo ndipo kisa kinapoanzia, maana mpole akionewa, deni la hasira humbakia mtu mwingine.

Kila Agosti, katikati ya mwezi, ukoo wetu husafiri pamoja. Siku ya kwanza ni ya ziwa: kuogelea, kulala kwenye mawe kama mijusi, kula samaki wakavu waliochomwa na kutiwa siki. Siku ya pili tunavuka kwa boti asubuhi na kupanda kwa miguu hadi kibanda cha wapanda mlima chini ya mlima Grigna, tunakula, tunashuka, tunaogelea tena, tunarudi kwa boti ya jioni. Safari hiyo haipangwi na kamati. Anaipanga mwenye sufuria. Ni sufuria ya shaba aliyoiacha baba wa Ersilia na wa dada yake Armida. Anayekaa nayo nyumbani mwaka mzima ndiye anayeamua tunapita njia gani, nani abebe nini, nani abaki na mizigo gatini, na hakuna wa kumbishia. Lakini ni lazima aibebe mwenyewe mgongoni mpaka juu. Siku asipoiweza, anamkabidhi mkubwa zaidi wa umri anayeiweza.

Kule juu tunasonga ugali wetu wa mahindi, polenta, mpaka mikono ife ganzi. Na kama kuna mtoto anayepanda kwa mara ya kwanza, ukoko wa chini ya sufuria ni wake, naye hulishwa kwa mkono wa babu yake. Babu akikosekana, hulishwa na mwenye sufuria. Mtoto asiyelishwa ukoko, kwetu, hajapanda, hata kama nyayo zake zimefika.

Kwa miaka mingi mwenye sufuria alikuwa Osvaldo, mume wa Armida, muuza vigae vya bafuni kutoka Monza. Mtu wa sauti. Hupiga makofi barabarani ili watu watembee haraka, kama wanaswagwa. Mwaka ambao binti yangu Marzia alipanda kwa mara ya kwanza, Battista alikuwa bado hai, ila pumzi ilikuwa inamkatikia hata akifunga kamba za viatu. Gaudenzio, mwangalizi wa kibanda, alijitolea kumchukua kwa gari kupitia barabara ya msituni upande wa pili. Battista alifurahi mno. Kibanda kile alikijenga na wenzake ujanani. Boriti za paa zilipanda kwa mabega yake.

Asubuhi ile, boti ilipotushusha gatini, Osvaldo akasema hapana.

"Ukoko haupandi gari," alisema, mbele ya wote. "Babu anayefika kwa gari ni mgeni tu. Mtu anapanda, au abaki na mizigo. Kuna upepo mzuri hapa, Battista, utafaidi."

Nilimwambia Osvaldo pale pale kwamba hana haya. Nikaambiwa mimi ni wa kuolewa tu, sijui mila za watu. Fermo, mume wangu, mwenye moyo laini kama sponji, alitazama viatu vyake. Ersilia akataka kubaki na mumewe, Battista akakataa: "Nenda, Ersi. Mtoto asitukose sote wawili."

Tukapanda. Osvaldo akamlisha binti yangu ukoko kwa mkono wake, akapigiwa makofi. Tuliposhuka tulimkuta Battista kwenye benchi la saruji pale gatini, uso umeiva kwa jua kama kaa wa kuchemsha. Osvaldo akampakatisha sufuria: "Umekaa kutwa, shemeji. Isugue basi." Battista akaenda ukingoni kuisugua kwa mchanga, anahema. Mimi na Ersilia tulimwona alipokuta kipande cha ukoko kimeganda ubavuni, kidogo kama ukucha. Akakibandua, akatazama huku na huku kama mwizi, akakila.

Alikufa majira ya baridi yaliyofuata. Ersilia hakusema lolote mazishini. Alimpa Osvaldo mkono, akamshukuru kwa shada la maua. Mimi nilimwona macho, nikajua huyu bwana ameisha, ni suala la siku tu.

Siku ikaja mwaka huu. Osvaldo alifanyiwa upasuaji wa nyonga, daktari akamkataza kubeba kitu. Jumapili moja ya Juni akaleta sufuria jikoni kwa Ersilia imefungwa blanketi, Armida nyuma yake, pamoja na binti yao Nives, mama wa Ginevra, mtoto wa miaka saba ambaye mwaka huu ilikuwa zamu yake ya kupanda kwa mara ya kwanza.

"Haya shemeji, umepata cheo uzeeni!" Osvaldo akacheka. "Nimeshakupangia, usihangaike. Siku ya ziwa tuanze na..."

"Mwenye sufuria nani?"

"Si wewe."

"Basi kula biskuti."

Akala biskuti. Ersilia akaeleza safari yote bila kutazama mtu: ziwani tutaogelea wapi, samaki tutanunua kwa nani, boti ipi, njia ya nyumbu badala ya ile ya ngazi kwa sababu ya mtoto, tushuke kabla ngurumo za mchana hazijaanza. Kupanga anajua, tusimnyime haki yake. Alilisha watoto wa kijiji kizima na hakuna aliyewahi kulala njaa.

"Jambo moja dogo," Osvaldo akasema. "Ongea na Gaudenzio anichukue kwa gari. Nyonga hii hainipandishi. Na si unajua, Ginevra ni mjukuu wangu wa pekee."

Ersilia akaweka kikombe chini. "Shemeji, ukoko haupandi gari."

Osvaldo akacheka kwa sauti. "Ala! Nani kasema upuuzi huo?"

Armida alikuwa anaangalia mikono yake.

"Wewe," Ersilia akasema. "Gatini. Battista amekaa, wewe umesimama."

Jamani, nimeona watu wakipauka, lakini sijaona mtu akipauka huku ana biskuti mdomoni. Alikuwa amesahau! Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Sisi tumelala na neno lile miaka yote, mwenyewe halikumbuki.

Wiki zilizofuata simu haikupumzika. Osvaldo alimpigia Gaudenzio mwenyewe, na Gaudenzio akamjibu kwamba yeye anangoja sauti ya mwenye sufuria, ndivyo ilivyokuwa siku zote, tena na yeye hulala chini ya boriti za Battista. Fermo akajaribu kumtuliza mama yake.

"Mama, yamepita hayo."

"Yamekupita wewe. Ulikuwa unaangalia viatu."

Akanywea. Nami sikumpoza, nilimwongezea chai tu.

Mwisho akaja Nives, peke yake, analia. Nilimhurumia, kusema kweli. Kosa si lake. Ersilia akamfuta machozi kwa aproni, akamwambia, "Mwanangu, mimi si mgumu hivyo. Baba yako aseme mbele ya watu kwamba alimkosea Battista. Neno moja tu. Nampigia Gaudenzio hapohapo, na kiti cha mbele atapewa." Nives akapeleka ujumbe Monza. Jibu likarudi: hawezi kuomba msamaha kwa kosa la kupanga safari.

Basi siku ya ziwa ikapita vizuri, watu wakaogelea, samaki wakaliwa. Osvaldo alikuwa mchangamfu kupita kawaida, akinunulia kila mtu aiskrimu. Nadhani aliamini kwamba Ersilia atalegea. Wanaume wa sauti huamini kwamba mwanamke mkimya ni mwanamke aliyesahau.

Asubuhi yake tukavuka, tukashuka gatini. Osvaldo alikuwa amevaa buti za mlima na kofia yenye unyoya wa ndege, jibini ameiweka mfukoni. Ersilia, sufuria mgongoni imefungwa kamba mbili, akahesabu mizigo: maboya ya watoto, mataulo, sanduku la vinywaji. Akaonyesha benchi.

"Vyote viwekwe hapo. Shemeji atabaki navyo."

"Ersilia, acha utani. Mtoto anangoja."

"Sina utani. Nangoja neno lako."

Akafungua mdomo. Wallahi nilidhani atalisema, na sitaficha, niliomba asiliseme. Ginevra alikuwa amemshika kidole. Akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwangu, akakutana na uso wangu.

"Hayo mambo ni ya zamani mno," akasema.

"Haya," Ersilia akajibu. "Kuna upepo mzuri hapa, shemeji. Utafaidi."

Tukapanda. Ersilia alitangulia, hakugeuka hata mara moja, na mwendo wake ulikuwa wa msichana. Kwenye mzunguko wa tatu wa njia unaiona gati yote chini, na mimi niligeuka: mtu mdogo, mizigo, saruji nyeupe. Niliona raha. Nilitafuta huruma moyoni, maana nimelelewa kanisani, sikuikuta.

Kule juu Gaudenzio alikuwa amewasha moto. Tulipokezana mwiko, Fermo alisonga kwa muda mrefu kuliko wote, jasho likimtoka, labda alikuwa na lake la kulipa. Ugali ulipopakuliwa Ersilia akabandua ukoko, mviringo mzima, wa dhahabu, akamwita Ginevra chini ya boriti.

"Babu yangu yuko chini," mtoto akasema. "Nani atanilisha?"

"Unaona mti ule pale darini? Aliubeba babu yako mwingine. Anaitwa Battista. Huu unatoka kwake. Fumbua."

Mtoto akafumbua, akatafuna, tukapiga makofi. Marzia wangu, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi, alikuwa analia. Nives hakupiga makofi, na simlaumu. Kabla hatujashuka, nilimwona Ersilia kachutama na kipande cha mkate, anaifuta sufuria ndani, pembeni, chini, tena na tena, na mkate wenyewe akaula.

Osvaldo tulimkuta pale pale. Kumbe benchi lile halina kivuli hata cha nzi, na upepo wa mchana, breva, hauanzi kuvuma mpaka umeshaungua. Kofia alikuwa ameiweka juu ya sanduku la vinywaji ili visipate moto. Jibini ilikuwa imeyeyuka mfukoni. Ginevra akamkimbilia.

"Babu! Nimekula ukoko! Nimelishwa na babu Battista!"

Osvaldo akambusu kichwani, akamwambia aende akaogelee. Uso wake ulikuwa rangi ile ile niliyowahi kuiona kwenye benchi lile, na midomo imekauka.

Ersilia akashusha sufuria, akampakatisha. Hakumwambia aisugue. Alisema tu, "Tazama ndani. Battista alipata kipande."

Akatazama. Mimi nilidhani ataitupa ziwani. Badala yake akaingiza mkono, akapapasa chini, akazungusha kidole ubavuni polepole, mzunguko mzima. Shaba ilikuwa inang'aa, haina hata chembe. Akaangalia kidole chake kitupu.

"Sikujua kama hapa hakuna kivuli," akasema.

"Hukuuliza."

Watoto walikuwa wanapiga kelele majini, boti ya jioni ilikuwa imeshaonekana ikivuka kuja kwetu. Kisha Osvaldo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Haya Ersilia. Nilimkosea. Umeridhika sasa?"

Neno lenyewe hilo, limekuja na jua likizama. Fermo akanitazama. Nami nikamtazama mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza sikujua atajibu nini.

Ersilia akaichukua sufuria mapajani mwa Osvaldo, akaifunga kamba moja, akaifunga ya pili, akaipandisha mgongoni.

"Battista hakupata mwaka wa pili," akasema. "Wewe unao. Mwakani njoo na mwavuli."