Mgeni Asiyetafuna Kahawa

Wajukuu wangu wakitaka kujua kama mvua itanyesha, hawachungulii nje, hufungua kompyuta. Wananicheka ninapoitazama kwa jicho la pembeni. Wacheke tu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Enzi za Mwingereza, kwetu Muleba, bwana shamba alikuja na mashine ya hesabu, chuma tupu, yenye vitufe na mpini wa kuzungusha. Baba yangu, aliyesoma kidogo misheni na kuihusudu elimu, aliitandikia mkeka mpya. Bwana shamba alikagua kibanja chetu, yaani migomba na mibuni iliyoizunguka nyumba, kisha akaketi, akabonyeza, akazungusha. Akasema mashine imeona kwamba migomba mizee inanyonya ardhi bure. Ing'olewe, ipandwe kahawa.

Bibi, mama yake baba, alileta kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa kila mgeni. Alimpa bwana shamba, kisha akaweka punje mbele ya mashine. Tulicheka. Yeye hakucheka.

"Mae, hiyo haitafuni," baba alimwambia mama yake kwa aibu.

"Basi asiyetafuna kahawa yangu asinipangie kibanja."

Tangu siku ile baba alibadilika. Zamani aliijua migomba yake kwa habari zake: huu ulipandwa alipooa, chini ya ule kilizikwa kitovu changu. Sasa alipita akiuliza kila mmoja unatoa nini. Nilimchukia kwa hilo, na nikaogopa pia, maana mgomba uliokuwa juu ya kaburi la babu ulikuwa umezeeka na hautoi mkungu wa maana.

Asubuhi moja alichukua panga akauendea. Bibi alikuwa amekwisha kumtangulia, ameketi shinani.

"Ondoka, Mae. Huu hautoi kitu."

"Hata mimi nimeacha kuzaa siku nyingi, na jembe silishiki tena. Mashine ilisemaje juu yangu?"

Baba alishusha panga, akaomba radhi, na mgomba ukabaki. Nyumbani kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa bibi, na watu hucheka. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu. Kabla ya kushusha panga, baba alimtazama mama yake toka kichwani hadi miguuni, kwa jicho lile lile alilokuwa akiikagulia migomba. Bibi naye aliona.