Mwani Mwekundu Uliooshwa kwa Maji Matamu

"Hivi mwani nao unaliliwa?" mama mkubwa aliniuliza, mikono yake bado imelowa. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jamvi uani kwake, nikitazama kitu kilichofanana na uzi uliochakaa.

Asubuhi ya siku hiyo mwani huo ulikuwa mwekundu wa kukolea, karibu na zambarau. Niliukwangua chini ya ukingo wa mwamba, mahali pasipofika jua, ambapo maji hupwa siku mbili tatu tu za bamvua kubwa, na hiyo ilikuwa ya mwisho. Lilikuwa fungu moja lisilojaa kiganja. Vishungi viwili vidogo niliviacha, maana tulifundishwa tusing'oe vyote.

Nilikuwa kibarua wa wataalamu waliokuja kuorodhesha mimea ya mwamba kabla gati halijajengwa. Picha niliyomtumia mwalimu wangu wa chuo ilimsisimua. Alijibu kwamba huenda ni aina iliyowahi kuokotwa mara chache mno, zamani, katika pwani hii tu. Mimi nilishuku. Nadra kwa nani? Waliouokota walikuwa wageni walioshuka nusu siku wakaondoka. Hakuna aliyewauliza wanawake wanaouinamia mwamba huu kila bamvua. Lakini shaka niliimeza, kwa sababu mkuu wetu wa kazi alikuwa ameniambia wazi: aina ikithibitishwa kwa sampuli, gati litasogezwa.

Na mwamba ule ulikuwa na mashimo ya pweza ya mama mkubwa. Alipokimbia vita Mucojo, akafika huku kaskazini na kapulana mbili za kujitanda, wanawake wenyeji walimwonyesha mashimo matano, wakamwambia kuanzia leo haya ni yako. Kila mwanamke ana yake, wala hakuna anayetia chuma katika shimo la mwenzake. Hayo matano ndiyo yaliyokuwa yakimlisha.

Niliuacha mwani kwenye ndoo ya maji ya bahari pale uani, nikapanda kilimani kutafuta mtandao ili mwalimu anielekeze namna ya kuukausha kwenye karatasi. Niliporudi, ndoo ilikuwa tupu. Beseni la pembeni lilikuwa na maji ya rangi ya waridi.

Mama mkubwa hutengeneza sabuni ya mwani. Mwani wa sabuni huoshwa kwa maji matamu, ukarudiwa, ukaanikwa juani mpaka uwe mweupe. Ukibaki na rangi, wenzake humcheka.

"Nimekusafishia, dotora," alisema; ndivyo alivyoniita tangu niingie chuo. "Mchafu huo! Kila nikiosha unatoa rangi tu. Ndoo mbili nzima nimezimaliza."

Ndoo mbili za kisimani, za kubebwa kichwani.

"Nani alikwambia uuoshe, mama mkubwa?"

"Heh! Mpaka niambiwe? Umesoma biolojia miaka minne, halafu unaacha mwani unanuka ndani ya ndoo."

Jirani aliyekuwa akisuka ukili kibarazani akadakia: "Msamehe, dada. Huko chuo hawakumfundisha kufua."

Wakacheka wote wawili. Machozi yakanitoka, na hapo ndipo aliponiuliza lile swali.

Ningemwambia nini? Kwamba sampuli iliyooshwa na kuanikwa hivyo haifai tena, na kwamba ameyafukia mashimo yake kwa mikono yake mwenyewe? Nilisema jua limenipiga. Akanifunika kapulana mabegani, akanipangusa uso.

Bamvua iliyofuata, nilipotaka kuvirudia vile vishungi viwili, askari walizuia watu kushuka ufukweni kwa sababu ya habari za vita zilizokuwa zikitoka kusini. Relatorio, ile ripoti ya wataalamu, haikungoja. Mbele ya jina la mwani ule niliandika mwenyewe kwamba haukuthibitishwa. Mawe yakamwagwa mwambani. Siku hizi mama mkubwa hutembea saa mbili hadi mwamba mwingine, kwa wanawake ambao hawajamgawia shimo hata moja, akaokota kombe wanazoziacha.

Nilirudi chuoni Maputo. Akinipigia simu, namjibu kwa mkato, nasema nina kazi. Mimi ninayehoji kila kitu, hili sikulihoji hata siku moja: kwamba kosa ni lake.

Ilipita miaka mitatu kabla sijampelekea mwalimu ule uzi mweupe, uliokuwa umebanwa katika daftari langu. Aliulainisha kwa tone la maji, akakata kipande chembamba kama ngozi ya kitunguu, tukakitazama kwa hadubini. Rangi ilikuwa imekwenda, umbo lilikuwapo. Mwani wa jamii hiyo una mimea ya kiume, mimea ya kike, na mingine isiyo dume wala jike, inayofanana na hiyo kabisa kwa macho, ambayo hubeba chembe za uzazi nne nne. Aina ile hutofautishwa na ndugu zake kwa tunda la jike peke yake. Fungu langu zima lilikuwa la chembe nne nne. Hata ningelifikisha likiwa bichi na jekundu, bila kuguswa na mtu, lisingethibitisha chochote.