Bundi Aliyelala Harusini

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile ya Doornfontein, mwaka 2015, bosi aliniuliza vyeti. Nikamwonyesha mikono. Shule niliacha darasa la tatu kule Likasi, lakini shaba naijua kuliko watu wengi wanavyowajua wake zao. "Haya, chonga," akasema. "Ukishindwa, urudi kulinda magari ya watu nje ya uwanja wa Ellis Park."

Kazi yenyewe ilikuwa muhuri: chuma kigumu unachokichonga picha kinyume, kisha mpiga nyundo anakigongea juu ya kipande cha shaba iliyochanganywa na bati. Picha inabaki hapo. Mpiga nyundo wetu alikuwa Shemasi, Mkongo mwenzangu, mtu wa maombi na mabega.

Akaja mzee Mgiriki wa Bertrams. Mjukuu wake anaolewa Jumamosi, naye anataka kila mgeni apewe nakala ya sarafu ya kale ya kwao. Akamwaga za kwake mezani. Zote za bundi, na hakuna mbili zilizofanana: huyu anatazama kushoto, yule kulia, mwingine kasimama juu ya mtungi, na walikuwapo wawili wenye kichwa kimoja. Wachongaji wa zamani kila mmoja alifanya lake.

"Chagua wewe," mzee akasema, "mradi awe bundi."

Nikamchonga anayekukodolea macho, makubwa kama taa za robot, zile za kuongozea magari njia panda. Shemasi alipomwona akaweka nyundo chini.

"Papa," akaniita kama tunavyoitana kwetu, "ndege wa wachawi unampeleka harusini?"

"Wagiriki wanampenda."

"Basi Wagiriki wapige nyundo."

Eish. Ilikuwa Alhamisi, na mpiga nyundo mwingine hatukuwa naye. Nikaanza kujiona tena Ellis Park, nikipungia magari mkono.

"Kinachokutisha hasa ni nini?"

"Macho. Hayo ndiyo yanafanya kazi usiku."

Nikachukua chuma kingine, nikamchonga upya, macho yamefumbwa. Shemasi akamwombea, akagonga.

Ijumaa mzee akaja kuchukua mzigo wake, akavaa miwani. "Mbona bundi wangu amelala?"

"Harusi si mchana, mzee? Mchana bundi hulala."

Bosi akatazama dari. Mzee akampanga bundi wangu katikati ya wale wa kale, akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Wa hivi sina," akasema, akabeba zote. Jumatatu nilikuwa kazini.

Nilistaafu 2019. Vijana sasa wanachonga kwa kompyuta, bundi wote mapacha. Kazi safi, sibishi. Lakini wangu ukimwona, unajua kuna mtu alimchonga na mwingine alimwogopa.